Uzi maalumu: kukusanya akiba ya vitambaa vya kushonea mfarishi wa viraka, tuanzie wapi na tuache nini

mshonaviraka (Temeke)

Wakuu kwema? Tangu niweke zile picha za mfarishi wa viraka (quilt, kile kitandiko cha vipande vilivyoungwa) kule jukwaa la mapambo ya nyumba, inboksi imejaa swali lilelile, vitambaa umetoa wapi dada, mi naanza ninunue nini. Kujibu mmoja mmoja siwezi kwa hiyo tuuweke hapa uzi mmoja, na mafundi mliomo humu njooni mniongezee au mnipinge, ruksa.

Msimamo wangu ni huu na najua wengine watakunja uso: anayeanza kukusanya akiba asitoe hela yake kununua vitenge. Walau mwanzoni asinunue kabisa.

Mtu atasema we dada vipi, viraka bila kitenge si ni kichekesho? Sijasema usitumie, nimesema usinunue, maana kitenge kitakufuata mwenyewe ulipo. Hapa mjini kila mtaa una fundi, kila harusi ina sare, kitchen party ina sare, vikoba navyo vina sare, hadi arobaini ya mtoto siku hizi watu wanavaa sare, na kila sare imeacha mabaki chini ya meza ya fundi. Utakachokosa ni vitambaa vilivyopoa. Yaani rangi moja, mistari myembamba, maua madogodogo, rangi ya maziwa, kijivu, udongo, bluu ya kufifia. Hivo hakuna anayeshonea sare, kwa hiyo hakuna fundi atakayekupa mabaki yake, hivo ndo vya kutolea hela.

Na bila hivo huendi popote. Chukua vitenge kumi vyote vinawaka, vyote na michoro mikubwa, vikate vipande vya inchi 6 uviunganishe uone, jicho halipati pa kutua, mchoro wa kitenge kimoja unaingia kwenye mchoro wa jirani yake na ile kazi yako yote ya kupanga nyota sijui pembetatu haionekani. Weka katikati yake kipande cha marekani tu, ile pamba ya rangi ya maziwa, ghafla kila kitenge kinajitokeza. Mi nakadiria nusu ya akiba iwe vilivyopoa, na kuna watu wana makabati yamejaa wanalia hawana kitambaa, ukienda kuangalia ni hichohicho, vinavyowaka vitupu.

Sasa vilivyopoa vinapatikana wapi. Moja ni maduka ya jora, marekani na poplini ya pamba, kwa Dar ni Kariakoo pale Mtaa wa Uhuru na mitaa inayoukata. Pili, na hii ndo naipenda zaidi, mtumba. Mashati ya kiume ya pamba! Mistari, miraba midogo, bluu za kila aina, tayari yameshafuliwa mara mia huko yalikotoka kwa hiyo hayarudi wala hayachuji. Tafuta saizi kubwa, XL kwenda juu, mgongo peke yake unakupa kitambaa kizuri tu kisicho na mshono. Na mashuka ya mtumba, hasa yale ya maua madogo, shuka moja ni mgongo mzima wa mfarishi, yaani upande wa chini.

Hesabu kwa wanaouliza kiasi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi uning'inie inchi 12 kila upande na miguuni unatafuta inchi 84 kwa 84. Kata miraba ya inchi 6 na nusu, ukishona kwa mshono wa robo inchi inabaki 6 kamili, 14 kwenda na 14 kushuka, jumla 196. Yadi moja yenye upana wa inchi 45 inatoa miraba 30, kwa hiyo yadi 7 za mchanganyiko zinatosha juu. Mgongo ni yadi 5, unakata vipande viwili unaviunga katikati. Ukitumia kitenge cha yadi 6 mgongoni ile yadi inayobaki inatosha kuzungushia pindo lote, na hapo ndo mahali pekee ambapo mi natoa hela kununua kitenge kizima.

Karibuni.

FundiSele

Dada umeongea ukweli ila na sisi mafundi mtutendee haki. Watu wanakuja wanasema fundi nipe mabaki, nampa mfuko, kesho anakuja mwingine, keshokutwa wa tatu. Yale mabaki yana wenyewe, wapo wanaonunua kwa kilo au kwa gunia wanajazia mito na viti. Ukitaka ya maana njoo tuongee, leta ndoo yako na jina lako uiache chini ya cherehani yangu, vipande vikubwa kuliko kiganja navitupia humo, ukija kuchukua acha hela ya soda kwa kijana anayefagia. Yule kijana ndo mwenye maamuzi sio mimi

alafu kitu kingine, msichanganye uzito. Naletewa kazi nimalizie, mtu kaunga satini na kitenge na jinsi (jeans) na lile gauni la teteroni (polyester) mstari mmoja, cherehani inavuta kitambaa kimoja kingine kinabaki, ukipiga pasi teteroni inajikunja pamba bado ina makunyanzi. Pamba kwa pamba. Jinsi ishone na jinsi wenzake

tumaini_k

Mi mgeni wa haya mambo. Kitenge unajuaje ni pamba? Wauzaji wote wanasema ni pamba hata kama ni nailoni

mshonaviraka

@tumaini_k chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ukilisugua linapotea. Teteroni inayeyuka, inajikunja na inaacha kidonge kigumu cheusi. Usichomee dukani kwa mtu lakini, omba kipande au nunua nusu yadi kwanza.

FundiSele

Na sugua kona ya kitenge kwa vidole, ikitoa unga mweupe ujue ni gundi tupu, kimesimama vizuri dukani ukifua kinalegea unaona hadi upande wa pili. Kitenge chenye nta ya kweli rangi iko sawasawa mbele na nyuma, vile vingine nyuma ni hafifu. Cha hafifu sio kibaya kwa viraka ila kifue kwanza ndo ujue umenunua nini

Kasuku_254

Niko Nairobi, nakubaliana na mambo ya mashati kabisa. Gikomba mtu akienda mapema wakati belo inafunguliwa atalipa bei ya kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza, na hiyo ni ya watu wanaenda kuvaa. Sisi wa viraka hatuna haja na kamera! Mimi hungojea alasiri wakati wamechoka, nachukua zile shati ziko na kola imechakaa ama haina kifungo, shati imeharibika shingoni lakini mgongo na mikono ni mpya kabisa. Muuzaji anafurahi kuitoa. Nikifika nyumbani nakata kola, kifuko na mishono yote, vifungo naweka kwa chupa, halafu ndio nafua. Kuweka shati nzima kwa kabati ni kujaza tu nafasi.

Lakini hiyo ya nusu iwe imepoa mimi naona ni nyingi. Mimi napenda ikiwaka yote.

bintiOldTown (Mombasa)

Assalaam aleikum. Nyote mwazungumza vitenge na mashati, leso, yaani khanga, hamna aliyeitaja, nasi huku leso ndiyo kabati lenyewe. Mimi nyumbani kuna leso za mamangu, za nyanyangu, za harusi, nyengine hazijafungwa hata siku moja.

Leso ni nyepesi kuliko kitenge, hilo kweli, lakini ni pamba na ikifuliwa yalainika mno, kwa mfarishi wa mtoto hakuna mfano. Tatizo ni kwamba watu waikata kama kitambaa cha jora. Leso si jora! Ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa kati, ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Ukiikata miraba ovyo wapata kipande kimeandikwa MGENI NJ na chengine ENYEJI APO, yaani aibu. Mimi hukata hivi: kwanza latoka jina, lote kwa urefu wake, ukanda wa kama inchi 5, huo waenda juu kichwani mwa mfarishi au ubavuni ukisomeka mzima. Kisha pindo, lile ni pambo limeshatengezwa tayari, walitia kuzunguka kazi yako na hushoni tena mpaka. Mwisho mji, wenye ua la katikati wauweka mzima kama kitovu cha mfarishi, na zile sehemu zenye vidoto vidogovidogo ndizo miraba yako. Na hivyo vidoto ndivyo hivyo vilivyopoa mnavyovitafuta, vimo ndani ya leso hiyohiyo.

Kununua, Biashara Street hapa Mombasa, wale wa duka la Mali ya Abdulla wapo tangu 1887, na leso zao za zamani ukizipata kwa mtu usizitie makasi hata kidogo.

mshonaviraka

@bintiOldTown wa aleikum salaam shosti, hapo kwenye vidoto umenifungua macho nakubali. Ila mi khanga naogopa kuichanganya na kitenge kizito kwenye mstari mmoja, khanga inachoka mapema, mfarishi unafuliwa miaka kitenge bado kipo imara pembeni khanga imetoboka. Bora mfarishi wa khanga tupu, au khanga iende mgongoni. Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo doti mbili, yaani vipande vinne, zinafunika mgongo wa 5 kwa 6 na chenji inabaki.

bintiOldTown

Ikitoboka watia kiraka habibty. Si ndiyo kazi yenyewe 😂

tumaini_k

Haya nimenunua. Nina doti moja nyekundu, kaniki (ile pamba nyeusi) na marekani yadi mbili. Mama anasema niloweke kwenye chumvi na siki rangi isichuje. Ni kweli?

mshonaviraka

Heshima kwa mama lakini kitambaa kilichotoka kiwandani kishapakwa rangi chumvi haiirudishi ndani. Kinachosaidia ni kufua, kila rangi peke yake, kaniki ndo kabisa iwe na beseni lake, unabadilisha maji mpaka yatoke meupe. Kisha kabla hujakata, lowesha kona, weka juu yake kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Cheupe kikipata alama rudi kwenye beseni. Kinachogoma kabisa usikitupe, kitengee kazi ya peke yake, mfuko au mto wa rangi moja, ila kisiguse marekani.

Na hili la kufua lifanyike siku hiyohiyo kitambaa kinapoingia ndani. Akiba isiwe na kimoja kimefuliwa kingine bado, maana siku ukipata mzuka wa kushona saa nne usiku hutakumbuka, utaunga, utafua mfarishi, ambacho hakikufuliwa kinarudi peke yake na mshono wote unakunjamana. Kwangu kisichofuliwa hakipandi kabatini, kinakaa kwenye ndoo mlangoni.

NguoYaBibi (Marekani)

Uzi mtamu. Niko huku Ohio, mitumba mnayoifungua hapo huku tunaikuta kwenye maduka ya misaada kabla haijapanda meli haha.

Naongeza kidogo. Huku wana utamaduni mkubwa wa hivi vitu, na kuna maduka yanauza vifurushi vya vitambaa vimekatwa tayari, rangi zimepangwa, mraba wa inchi 5, wa inchi 10, vipande vya robo yadi vya inchi 18 kwa 22. Vinapendeza ila mfarishi wako unafanana na wa jirani. Mimi niliovutiwa nao ni wale kina mama weusi wa Gee's Bend, Alabama. Wao walikuwa wanatumia nguo za shamba zilizochakaa, magoti ya jinsi yaliyopauka, magunia, chochote. Mwaka 1966 kina mama wa eneo lile walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, na mwaka 1972 wakapata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears wa kushona foronya za kodrai (corduroy, kile kitambaa chenye mistari ya manyoya). Mabaki ya ile kodrai yakaanza kutoka kiwandani kwenda majumbani, ndo maana ukiangalia mifarishi ya miaka ile rangi ni zilezile kwa kila nyumba, dhahabu, kijani cha parachichi, chungwa, nyekundu, na bado hakuna miwili inayofanana. Mwaka 2002 ikaonyeshwa Houston, ikaja New York pale makumbusho ya sanaa ya Whitney, na 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta.

Kwa hiyo mimi kwenye ule mjadala wa vilivyopoa naona jibu ni, kata kulingana na kinachoanguka karibu yako. Wao kodrai, sisi sare za harusi.

Zuwena_Mskati

Na mimi niwape nyingine iliyo karibu nasi zaidi. India, jimbo la Karnataka, kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walivushwa bahari miaka hiyo na Wareno na Waarabu, wengine wakapitia Goa. Wanawake wao wanashona mfarishi unaitwa kawandi. Hawapimi, hawakati miraba, hawana cherehani. Wanatandika sari kuukuu chini, wanaanzia pembeni kabisa, wanazunguka na sindano ya mkono wakielekea katikati, kila wakifika wanaongeza kiraka, wanakunja ukingo wake ndani na kushona juu, mistari ya uzi inazunguka mpaka inakutana kati. Kwenye pembe nne wanaweka phula, yaani ua, kipande cha pembetatu kilichokunjwa kunjwa, bila phula kwao kazi bado iko uchi.

Sasa mshonaviraka mimi nikuulize, hao nusu yao iliyopoa iko wapi? Kawandi zinawaka mwanzo mwisho na zinapendeza.

Kasuku_254

Asante Zuwena! Niliwaambia

mshonaviraka

Haya mmeniungana 😂 Zuwena nimezitafuta picha usiku huu, ni kweli ni nzuri mno. Ila angalia kitu kimoja, ile mistari ya mkono imepita kila mahali, uzi mmoja, umbali uleule, juu ya kila kiraka. Ule mshono ndo unaopoza. Anayeshona kwa cherehani na kuacha miraba mitupu hana hiyo kinga, inabidi kitambaa chenyewe kipoe. Kwa hiyo mwenye mkono wa subira aende kwenye kawandi akusanye anavyotaka, mwenye cherehani abaki na marekani yake. Hapo nimerudi nyuma hatua moja, sio mbili.

Na kwa wanaosema hawajui kipi kimepoa na kipi kinawaka, tumia simu. Panga vitambaa vyako sakafuni, piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vikitokea vyote kijivu kimoja umeumia, hata kama kimoja ni chekundu kingine kijani, maana kwenye mfarishi vitamezana. Unataka uone cheusi, cha kati na cheupe. Mi napanga kabati hivo, rafu ya giza, ya kati, ya mwanga, na rafu ya mwanga ndo huwa inaisha kwanza kila siku.

jirani_mwema

Kutunza je? Mimi Tanga, unyevu unaniua. Niliweka kwenye mifuko ya nailoni

bintiOldTown

Toa kwenye nailoni leo hii! Pwani nailoni ni ukungu tu. Tia kwenye sanduku la mbao au kabati lipitishalo hewa, funga na shuka kuukuu, tia karafuu kwenye vijifuko au majani makavu ya mwarobaini. Uanike kivulini mara moja moja, si juani, jua lapausha mstari pale palipokunjwa na hautoki tena. Na kabla ya kuweka kisiwe na wanga wala gundi, mende na wadudu wadogo wale wa rangi ya fedha hufuata wanga.

FundiSele

Vipande vidogo chini ya kiganja msitupe nanyi. Chukua kipande cha marekani kama msingi, anza katikati, shona kipande juu yake, kigeuze, piga pasi, shona kingine ubavuni, endelea mpaka msingi uishe kisha kata mraba sawasawa. Hapo hata ukanda wa inchi moja unaingia

tumaini_k

Swali la mwisho jamani samahani. Katikati ya juu na mgongo mnaweka nini? Na sindano gani, yangu imekatika mara mbili leo

mshonaviraka

Kwa Dar na joto hili mi naweka shuka kuukuu la pamba basi. Wa Mbeya, Arusha na Njombe wekeni blanketi jepesi, au ile dakroni nyembamba wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya sofa, ila isiwe nene, cherehani ya nyumbani haipitishi.

FundiSele

Sindano namba 14, tabaka zikiwa nzito weka 16. Legeza kikanyagio kidogo, mshono uwe mrefu kuliko wa nguo, na usivute kitambaa kwa nyuma, kuvuta ndo kunakata sindano. Anza kushona kutoka katikati kwenda nje. Na sindano iliyopita kwenye mfarishi usiirudishe kwenye satini ya mtu

mshonaviraka

Wengi mmeniuliza pm vipimo vya kitanda cha futi 4 kwa 6. Inchi 72 kwa 84, miraba 12 kwa 14, jumla 168, yadi 6 za juu, mgongo ni yadi 5 zilezile.